Jeraniamu sugu ya kudumu: ni ua gani hasa?

Ni mmea wa jenasi (kundi la mimea yenye uhusiano wa karibu) ya Geranium unaoishi miaka mingi ardhini. Baridi kali ikija, aina nyingi hunyauka hadi chini, lakini mizizi hubaki hai na kuchipua joto likirudi.

Usiuchanganye na pelagoniamu, ua la vyunguni ambalo wauzaji nao huliita jeraniamu. Mwanabotania Linnaeus aliiweka yote katika jenasi moja mwaka 1753. Mwanabotania mwingine, L'Héritier, akaitenganisha mwaka 1789, ila mazoea ya sokoni hayakubadilika. Tazama ua lenyewe: jeraniamu ina petali tano zinazolingana, ilhali petali mbili za juu za pelagoniamu hutofautiana na tatu za chini. Ukikosea utapata hasara, maana pelagoniamu ikiachwa nje kwenye jalidi hufa.

Mahali pa kupanda hutegemea aina. Geranium sanguineum hupenda jua, G. macrorrhizum huvumilia hata kivuli kikavu chini ya miti. Karibu zote huchukia maji yanayotuama, kwani mizizi huoza. Acha sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche, na 60 kwa zinazotambaa kama aina ya bustanini iitwayo 'Rozanne'. Mwagilia vizuri msimu wa kwanza. Mboji kidogo mara moja kwa mwaka yatosha. Nitrojeni ikizidi utavuna majani matupu.

Kazi yenye faida kuliko zote ni kukata, na ndiyo wengi huiogopa. Maua ya kwanza yakiisha, mashina hulala na katikati hubaki wazi. Kata yote, majani na mashina, ubakishe sentimita 5 hadi 8, kisha mwagilia kwa wingi. Baada ya wiki chache majani mapya hufunika kichaka, na G. pratense mara nyingi huchanua tena. Usipokata, tunda lake lenye umbo la mdomo wa korongo hukauka, vipande vyake vitano hujikunja ghafla na kurusha mbegu mbali, nawe utang'oa miche usiyoitaka. 'Rozanne' haitoi mbegu, hivyo haina adha hiyo.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu: mizizi imekauka na hewa haipiti. Kata, mwagilia, punguza msongamano. Mmea ukinyauka ilhali udongo una unyevu, fukua: huenda mabuu meupe ya fukusi, yasiyo na miguu, yanatafuna mizizi.

Kila baada ya miaka 3 hadi 5 kichaka hufa katikati. King'oe, tupa kiini kikavu, upande upya vipande vya pembeni vyenye mizizi na machipukizi.