Glita "isiyo na sumu" si lazima iwe salama machoni

Wengi wanaojipamba kama nguva kwa sherehe ya mavazi ya kuigiza hununua glita ya kazi za mikono kwenye duka la vifaa vya shule, wakiamini kwamba pakiti ikiandikwa haina sumu, basi hata kwenye kope inafaa. Sivyo. Kukosa sumu hakuzuii kitu kukata.

Itazame kwa karibu: ni vipande vya plastiki, mara nyingi vimepakwa alumini, vingi vina pembe sita, na kingo zake ni kali. Kimoja kikiingia jichoni nawe ukasugua, kinaweza kukwaruza konea (utando angavu wa mbele ya jicho), na kidonda hicho kinauma vibaya sana. Nunua glita ya vipodozi iliyoandikwa kwamba inafaa eneo la macho.

Tena magamba ya nguva hayahitaji glita hata kidogo. Vuta soksi ya wavu juu ya shavu, gongagonga poda ya macho ya kijani na buluu kwa sponji, kisha toa soksi taratibu. Yanapendeza mno!

Glita ya vipodozi ichanganye na jeli, uipake kwenye njia za rasta, nyuma ya utosi. Ikidondokea usoni, inase kwa selotepu. Usifute kwa kitambaa.