Usanifu wa Programu: Maana Yake na Namna ya Kuuchagua

Usanifu wa programu ni mpangilio wa msingi unaoamua programu imegawanyika katika sehemu zipi, kila sehemu inabeba kazi gani, na sehemu hizo zinapashanaje habari. Rangi ya kitufe unaweza kuibadili kwa dakika tano, lakini mpangilio huu ukishajengewa juu yake kwa miaka miwili, kuugeuza ni sawa na kubomoa ukuta unaobeba paa.

Katika miradi mingi uamuzi huwa kati ya njia mbili. Ya kwanza ni monolithi, yaani programu moja nzima yenye hifadhidata (mahali data zake zinapotunzwa) moja, inayowekwa kwenye seva kwa mkupuo. Ya pili ni huduma ndogo ndogo, mtindo uliopata umaarufu zaidi baada ya makala ya wataalamu wa programu James Lewis na Martin Fowler ya mwaka 2014: kila huduma hujitegemea, hutunza data zake, na huongea na wenzake kupitia mtandao.

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana wazi kwenye malipo. Mteja wa duka la mtandaoni anapobonyeza “Lipa”, ni lazima malipo yaandikwe, bidhaa ipunguzwe ghalani na oda ifunguliwe. Ndani ya monolithi, hatua hizo tatu hufungwa katika muamala mmoja wa hifadhidata, yaani zote zikamilike au zote zifutwe, hivyo umeme ukikatika katikati zote hufutika. Kwenye huduma zilizotenganishwa, malipo yanaweza kuwa yameshaandikwa, kisha huduma ya oda isijibu. Je, imeanguka, au imepokea ombi na jibu ndilo lililopotea njiani? Huduma ya malipo haiwezi kujua. Ikituma ombi tena, mteja anaweza kupata oda mbili. Ikinyamaza, huenda amelipa asipate kitu. Timu italazimika kuweka namba ya pekee kwa kila ombi ili likirudiwa litambuliwe, na kuandika utaratibu wa kurudisha fedha, kazi ambayo haimwongezei mteja hata huduma moja mpya.

Wapo ambao gharama hiyo inawalipa. Mwaka 2008 hifadhidata ya Netflix, kampuni ya filamu, iliharibika, na kwa siku tatu kampuni ikashindwa kusafirisha DVD. Ndipo ilipoanza kuhamia kwenye mfumo uliotawanywa, yaani wa huduma zilizotenganishwa, safari iliyokamilika Januari 2016. Kinyume chake, mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video, huduma ya video ya Amazon, walieleza kwamba chombo chao cha kukagua ubora wa video, walipokiunganisha tena kuwa programu moja, kilipunguza gharama za miundombinu kwa zaidi ya asilimia 90.

Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufanana na mawasiliano ya watu walioubuni, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza. Watu wanne wanaokaa meza moja hawahitaji huduma kumi. Waanze na monolithi iliyogawanywa vizuri ndani, ambamo sehemu ya oda haigusi majedwali ya data za malipo moja kwa moja bali hupitia mlango uliowekwa. Siku kazi moja, tuseme kuchakata picha, itakapomeza nguvu ya seva hadi malipo yakwame, hiyo ndiyo itolewe nje, nayo itatoka kwa urahisi kwa kuwa mlango wake ulikwishawekwa.