Gari la Kifahari Lililotumika: Lifuate Alfajiri, Lipandishe Mlima

Mwaka juzi bwana mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, alilipia Toyota Crown saa tisa alasiri. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa, injini ina moto. Kesho yake alfajiri likafukiza moshi wa bluu uani hadi majirani wakachungulia. Akaja kwenye karakana yetu ya chuo hela ikiwa imeshatoka.

Kwa hiyo ukiitwa na dalali mchana, mwambie utafika saa kumi na mbili asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta vuguvugu, kuna mtu ameshaliwasha kabla yako. Muulize kwa nini. Kisha mwingine awashe, wewe simama nyuma kwenye bomba la moshi. Mvuke mweupe wa Juni na Julai usikutishe, hata mdomo wako unautoa, na hukoma injini ikipata moto. Usipokoma, tena ukawa na harufu ya utamutamu, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mark X na Crown zenye injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5 zina sifa ya kula oili, basi chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango kabla hata ya kuwasha.

Asubuhi hiyohiyo tazama gari limekaaje. Baadhi ya Mercedes-Benz, kama S-Class na E-Class kadhaa, hutumia shokapu za upepo. Zikivuja, gari lililolala usiku kucha huamka limeinama kona moja, na likiwashwa hujiinua polepole kama ngamia. Pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi, kila kona.

Sasa shika barabara ya Chunya, panda kuelekea Kawetere. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sufuria ya maji huku huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ndani ya rejeta kinachozuia hilo ni presha inayobanwa na mfuniko, pamoja na kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. Rejeta yenye maji matupu ya bomba na mfuniko uliochoka inaweza kuvumilia tambarare za Dar, halafu mlima wetu ukaiumbua. Angalia mshale wa joto. Sikiliza na gia boksi: injini ikilia kwa nguvu na gari halivuti, gia boksi inateleza. Wakati wa kushuka, usukani ukitetemeka ukikanyaga breki, diski zina kasoro.

Mkirudi, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za cheki injini, ABS ya breki na eabegi lazima ziwake. Ukishawasha injini, zizime. Taa ya eabegi isipowaka kabisa ni mbaya kuliko inayogoma kuzima. Nimewahi kufungua dashibodi nikakuta imezibwa kwa solotepu nyeusi. Lete mashine ya kupimia hitilafu, isome mifumo yote, siyo injini peke yake. Mashine nzuri pia huonyesha kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa karibuni, na gari lililofutwa usiku wa kuamkia ukaguzi mimi silinunui.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Tope lililokauka huko ndani linaashiria mafuriko. Mara nyingi chini kuna kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa: gari la 2008 lenye mkanda wa 2013 limewahi kugongwa au kufunguliwa.

Karatasi hazichukui muda. Namba ya chesisi ilingane na kadi, jina ni la anayeuza, hakuna benki inayodai, na faini za barabarani ziwe zimelipwa.

Kabla ya kutoa hela pita Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, uulize bei ya spea. Za Toyota utazikuta hapohapo; za Mjerumani mara nyingi utaambiwa zitoke Kariakoo, Dar. Ulizia shokapu za upepo mbili kwa mpigo, maana zikianza kufa hazifi moja.