Gangya: kipande kinachotaja umri wa kalis

Gangya ni kipande kipana cha feleji kilichokaa kwenye shina la bapa la kalis, upanga wa makali mawili wa Wamoro, Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu kusini mwa Ufilipino. Kalis ni jina la Watausug. Wamaranao na Wamaguindanao husema sundang, na wauzaji wa vitu vya kale huandika kris. Upande mmoja gangya imechongoka, upande wa pili ina tundu na vijino mfano wa mdomo na mkonga wa tembo.

Ukitaka kukadiria umri wa kalis, anza hapa kabla ya kuhesabu mawimbi ya bapa. Zamani gangya ilifuliwa peke yake, ikatobolewa, ikavishwa kwenye msuka, yaani ncha ya bapa inayoingia ndani ya mpini, hadi ikagusa bapa, kwa hiyo kati ya vipande hivyo viwili kuna mstari wa kiungo. Katika kalis za karne ya 18 na kabla yake, mstari huo kwa kawaida umenyooka. Katika zile za karne ya 19 unanyooka, kisha karibu na mwisho unakata mshazari kwa takriban nyuzi 45. Katika karne ya 20, hasa kuanzia miaka ya 1930, mafundi wengi walifua bapa na gangya kwa kipande kimoja, wakachora mstari juu yake au wasichore kitu. Hiki ni kipimo cha jumla tu, maana fundi wa kijijini angeweza kushika mtindo wa babu yake miaka mingi.

Mstari wa kuchora ndio unaopotosha wengi. Ulaze upanga ubavu, washa taa kutoka pembeni, kisha tazama kwa lenzi pale ukingo unapokutana na gangya. Kiungo cha kweli kinazunguka: kiko ubavu mmoja wa upanga, kinapita ukingoni, kinatokea ubavu wa pili. Cha kuchorwa hukoma kabla ya ukingo, na kina chake ni kilekile mwanzo hadi mwisho.

Mpini upimwe peke yake, kwa sababu bapa la zamani mara nyingi limevishwa mpini mpya. Kichwa kidogo cha mpini huelekea kuwa cha zamani. Kile kikubwa chenye umbo la ndege kakatua ni cha karne ya 19 na baadaye. Tafuta pia asang-asang, kibano cha fedha, shaba au shaba nyeupe kinachoshika gangya na mpini pamoja.

Katika kusafisha, adui mkubwa wa gangya ni mashine ya kusaga. Dakika chache zinatosha kufuta mstari, kula nakshi na kuyapasha makali moto hadi yalegee. Paka mafuta mepesi ya mashine, acha siku mbili au tatu, kisha kwangua kutu kwa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko feleji. Malizia kwa sufi ya chuma namba 0000, ukifuata urefu wa bapa.

Kuona kiungo kilichofichika, futa mafuta yote kwa asetoni, kisha pitisha siki nyeupe ya moto kwa pamba, tena na tena, kwa dakika kama kumi. Matabaka ya feleji huanza kutofautiana rangi, na kiungo hujitokeza kama uzi mweusi. Usiuloweshe upanga ndani ya siki. Asidi ikijipenyeza kwenye kiungo haitoki kwa kufuta; kutu itaanzia ndani, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, itasukuma gangya iachane na bapa. Osha kwa maji yenye kijiko kimoja cha magadi kwa lita, suuza, kausha kwa hewa ya moto, paka mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula hayafai: hugeuka gundi na kukusanya vumbi.

Mpini usiocheza usiung'oe. Ukicheza, ndani kuna utomvu mgumu kama sandarusi. Pasha gangya moto taratibu hadi utomvu ulainike, nyoosha msuka, acha upoe. Gundi ya kisasa ya mchanganyiko itamzuia fundi wa baadaye kuufungua bila kuvunja mti.

Kichwa cha mpini kikiwa cha pembe za ndovu, ulizia vibali kabla ya kuuvusha upanga mpaka, hata ukiwa na miaka mia. Na ala ya mbao iliyofungwa kwa henzirani ihifadhiwe kando, kwa kuwa mbao hushika unyevu na kuurudisha kwenye bapa.