George R. R. Martin hakuandika kisa cha Elden Ring

Kwenye vibanda vya gemu hapa Nairobi, vijana wengi hushikilia kwamba gemu ya Elden Ring iliandikwa na George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya zilizozaa Game of Thrones. Sivyo. Martin alitunga historia ya kale ya ulimwengu ule, mambo yaliyotukia kabla mchezaji hajaingia. Kisa unachokicheza na maneno ya wahusika ni kazi ya Hidetaka Miyazaki, mwongozaji wa gemu hii, na wenzake wa kampuni ya FromSoftware, Japani. Ndio waliokitawanya vipandevipande, hata siri kubwa ukaikuta kwenye maelezo ya upanga au hirizi. Mimi hapo ndipo gemu hii iliponiteka. Ilitoka Februari 25, 2022, ikauza nakala milioni 12 ndani ya wiki tatu. Ilipotwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka Desemba, aliyepanda jukwaani kuipokea ni Miyazaki.