Hiyo Si Winchester, Mzee Wangu

Juzi kaingia tena mteja wa namna ileile. Kafungua mkoba juu ya meza yangu taratibu, kama anayemfunua mtoto mchanga, akasema, "Fundi, hii ni Winchester orijino. Marehemu baba aliinunua kwa Mmarekani." Nikainama kusoma mtutu: .458 Winchester Magnum, herufi safi kabisa. Nyuma kidogo, kwenye bodi, imeandikwa BRNO, jina la mtengenezaji, na kwamba imetengenezwa Chekoslovakia.

Nimeshalieleza hili kwa mdomo mpaka koo limekauka. Leo naandika, na atakayekuja tena nitampa simu asome.

Maandishi ya kwenye mtutu yanakwambia bunduki inakula risasi gani, basi. Ukiona gari limeandikwa "Diesel" kwenye mfuniko wa tangi, utasema limetengenezwa na Bwana Diesel? Risasi ya .458 ilitolewa na Winchester, kampuni ya bunduki ya Marekani, mwaka 1956, pamoja na bunduki yao ya Model 70 waliyoipa jina la African, na hawakuficha walikuwa wanamlenga nani: mwindaji wa tembo na nyati wa huku kwetu. Kabla yake, mtu wa wanyama wakubwa alitembea na bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili yenye bei ya shamba. Winchester wakaleta risasi nene inayoingia kwenye bunduki ya bolti ya urefu wa kawaida. Ikapendwa mno, hata Wacheki, Wabelgiji na Wajerumani wakachonga mitutu yao kwa ajili yake. Ndiyo maana neno Winchester unalikuta kwenye chuma ambacho hakijawahi kuiona Marekani.

Na hiyo BRNO, mzee, si ya kuionea aibu. Ni bunduki ngumu kuliko mimi na wewe.

Risasi yenyewe ina kasoro ambayo wauzaji huipitia mbio. Ganda lake ni fupi, inchi 2.5, kwa hiyo baruti ilibidi ishindiliwe. Zile za miaka ya mwanzo zikikaa stoo, baruti iligandamana kama sukari iliyopigwa na unyevu, haikuungua yote, na risasi ikatoka bila nguvu. Mbele ya nyati hilo si jambo dogo. Za leo zimerekebishwa, nami nawaambia wateja hivyo kwa sauti ya kujiamini. Ila nikiletewa boksi la zamani lililofifia rangi, naliweka pembeni, na mkono wangu unasita hata kwa yale ambayo kichwa kinasema ni mazima.

Sasa tuje kwa huyo Winchester mwenyewe, maana kosa la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Wengi humdhania fundi mwenye ndevu, amekaa karakanani na tupa, anabuni bunduki ya kukokiwa kwa wenzo wa chini. Oliver Winchester alikuwa mshona mashati! Alikuwa na kiwanda cha mashati New Haven, Connecticut, akapata fedha, akazitia kwenye biashara ya silaha kama mwekezaji. (Huku pwani Wamarekani tulianza kuwajua kwa kitambaa, merikani. Naona tulianza na upande wao wa kweli.)

Wazo la bunduki hiyo lilianzia kwa Walter Hunt wa New York, huyohuyo aliyesajili hataza ya pini ya usalama mwaka 1849. Bunduki yake ya risasi nyingi ilikuwa na vikorokoro visivyokubali kufanya kazi pamoja. Lewis Jennings akaipunguza. Wakaja Horace Smith na Daniel Wesson, ndiyo, haohao wa bastola za Smith & Wesson, wakaitengeneza tena. Mwaka 1855 ikaundwa kampuni ya Volcanic, Winchester akiwa mmoja wa waliotia fedha. Mwaka 1857 Volcanic ilikuwa imeshafilisika, na mwenye mashati akabeba mabaki yake, akayapa jina la New Haven Arms. Kazi ya mikono akamwachia Benjamin Tyler Henry, na hataza ya mwaka 1860 ya bunduki ya risasi 16 ni ya Henry. Henry akaona malipo hayalingani na jasho, akajaribu kupitia bunge la Connecticut kukinyakua kiwanda. Winchester akamzidi ujanja, akaunda kampuni mpya mwaka 1866, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Hata tundu la kupakilia ubavuni, lililoifanya Model 1866 ipendwe, lilibuniwa na Nelson King.

Basi mbunifu ni nani? Wenzangu humtaja Henry bila kusita. Mimi kila nikifungua moja naona mikono minne mitano, na siwezi kuapa iliyo ya maana zaidi. Najua tu kwamba wa Winchester haumo.

Model 1873 mnaijua, sinema zimeshaitangaza vya kutosha. Mwaka 1883 kiwanda kikamfuata mbunifu wa bunduki John Browning huko Ogden, Utah, kikanunua ramani zake moja baada ya nyingine: Model 1886, 1892, 1894, 1895. Hiyo ya mwisho, kaliba .405, ndiyo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyoshuka nayo Mombasa mwaka 1909 na kuisifu kwa simba. Wakati huo Browning alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1902 walivunjana kwa sababu ya malipo, akapeleka kazi yake kwenye kiwanda cha silaha cha FN, Ubelgiji.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliacha majengo makubwa na madeni. Wakauza mpaka viatu vya magurudumu na majokofu, lakini mwaka 1931 wakafilisika, familia ya Olin ikachukua. Mwaka 1964 wakarahisisha utengenezaji wa Model 70, na tangu hapo watu hulipia "kabla ya 64" kama dhahabu. Kucha ya kunyofoa ganda ya zamani ilikuwa bora, nakubali. Bei zake? Nusu ni hadithi, na nimekula faida ya hadithi hiyo.

Mwaka 1981, baada ya mgomo mrefu, Olin wakauza kiwanda kwa wafanyakazi, ambacho baadaye kikaangukia FN. Mwaka 2006 kikafungwa. Jina la Winchester bado ni la Olin, na ruhusa ya kuliandika kwenye bunduki anayo kampuni ya Browning, ambayo ni mali ya FN. Yule waliyemnyima hela, jina lake ndilo linaloshika lao. Model 1873 mpya hutengenezwa na Miroku, Japani.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba wake. "Sawa fundi. Lakini ukiandika kwenye risiti, andika Winchester."

Nimeandika BRNO. Akaikunja bila kuisoma.