Video iko safi au haiko safi, nani anaamua?

Nikiwaambia watu kazi yangu ni kupima ubora wa sauti na video wanadhani kuna mashine naiwasha, inatoa namba, basi. Mashine zipo ila kipimo chenyewe ni mtu. Tunawaita watu, wanaangalia klipu fupi ya kama sekunde 10, wanatoa alama 1 mpaka 5, 1 mbaya kabisa na 5 safi sana, wastani wake ndo ile MOS (wastani wa maoni ya watu) mnayoisikia.

Inaonekana rahisi lakini jicho na sikio vinadanganyika haraka mno. Mtu akitoka kuona klipu mbovu, inayofuata hata ikiwa ya kawaida tu ataipa alama kubwa, akitoka kuona nzuri sana, ileile ya kawaida anaiponda, ndo maana kila mtu anapewa mpangilio wake wa klipu. Macho yake tunayapima kwanza, rangi pia, na kikao hakizidi nusu saa maana akichoka anaanza kubonyeza tu. Mwongozo wa ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) unaoitwa BT.500, upo tangu 1974, unataka watazamaji wasiopungua 15, na nawasihi jamani msishuke hapo.

Kwenye sauti naipenda mno njia ya kupima inayoitwa MUSHRA. Msikilizaji anapewa sauti halisi, alafu matoleo kadhaa ya sauti hiyohiyo ayape alama 0 mpaka 100, ila humo ndani tumeificha na ile halisi bila kumwambia ni ipi, na nyingine tumeikata makusudi kila kitu kilicho juu ya 3.5 kHz mpaka inasikika kama simu ya zamani. Sasa mtu akiipa ile halisi 60, tena mara kwa mara, majibu yake unayaweka pembeni.

Kitu ambacho bado kinanishangaza ni midomo na sauti. Sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu watu wanaanza kushtuka, lakini ikichelewa inafika kama 125 ndo wanagundua. Mi naona ni mazoea ya ubongo, mtu akipiga nyundo mita 34 kutoka ulipo unaona nyundo inashuka alafu mlio unafika baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ila mlio kutangulia nyundo hujawahi kuona popote. Na bahati mbaya tv nyingi za kisasa zinachelewesha picha zikiwa zinaichakata, kwa hiyo sauti isiporekebishwa inatangulia, yaani upande uleule ambao mtu havumilii!

Mashine nazo zina vipimo vyao. PSNR inalinganisha video na ile halisi pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta, ukisogeza picha pikseli moja pembeni alama inaporomoka na mtu haoni chochote. Kipimo kingine, VMAF ya Netflix, 2016, kiko karibu zaidi na mtu kwa sababu kilifundishwa kwa alama za watu.

Alafu wastani peke yake msiuamini. Niliwahi kupata 3 kwenye klipu moja nikataka kuandika ni ya kawaida, kufungua alama mojamoja hakuna hata mmoja aliyetoa 3, ni 5 na 1 tu, kumbe jaribio lilifanyika majumbani, waliotoa 1 walivaa hedifoni wakasikia mkwaruzo, wengine walisikilizia spika ya simu, mkwaruzo haukuwafikia kabisa.